Programu ya zamani, mfumo mpya: Jinsi kompyuta zinavyotunza ahadi

Na MWANDISHI WETU

MSAFIRI anayefika Voi akitoka Mombasa hukuta aina mbili za reli. Moja ni ile ya kale iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 kuelekea Uganda, ambayo upana kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,000. Nyingine ni reli ya kisasa iliyozinduliwa Mei 2017, yenye upana wa milimita 1,435. Zote mbili zinapita Voi, lakini behewa la moja haliwezi kukanyaga vyuma vya nyingine.

Kutoka Voi kuna tawi la reli ya kale linaloelekea magharibi, kupitia Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta. Bura tunayoitaja hapa ni ile ya Taita, wala si ile ya Tana River inayojulikana kwa mradi wake wa unyunyizaji maji. Tawi hilo lilianza kujengwa na jeshi la Waingereza mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1916 likaunganishwa na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga hadi Moshi. Wenye reli hizo walikuwa maadui wakubwa. Hata hivyo, wote walikuwa wamechagua upana wa mita moja, na kwa sababu hiyo behewa lililopakiwa Mombasa liliweza kupita Bura na kufika Moshi bila kupakuliwa njiani.

Upana wa reli ni kipimo ambacho kikishachaguliwa huwa vigumu kukibadilisha. Vyuma si tatizo. Tatizo ni mabehewa yote yaliyokwisha kutengenezwa kwa kukitegemea kipimo hicho. Ndani ya kompyuta kuna vipimo vya aina hiyo kwa maelfu. Wengi hawavioni, lakini ndivyo vinavyoamua iwapo programu iliyonunuliwa na shule, zahanati au chama cha akiba na mikopo miaka 15 iliyopita itafunguka kesho baada ya kompyuta kuwekewa mfumo mpya.

Makala haya yanaeleza vipimo hivyo ni nini, vinalindwaje, na kwa nini mwananchi wa kawaida anapaswa kuvijali.

MUUNDO WA DATA NI NINI?

Kila kompyuta, na kila simu ya kisasa, ina programu kuu inayosimamia nyingine zote. Programu hiyo huitwa mfumo endeshi. Windows, Linux na Android ni mifano inayojulikana. Mfumo endeshi ndio unaogawa kumbukumbu, kuhifadhi faili, kutunza saa na kupokea maandishi kutoka kwenye kibodi. Programu ya kuandika barua au ya kuweka hesabu haifanyi kazi hizo yenyewe. Huuomba mfumo uifanyie.

Maombi hayo na majibu yake hupitishwa kwa fomu maalumu. Programu ikiuliza habari za faili fulani, mfumo huijazia fomu yenye nafasi kadhaa zilizopangwa kwa utaratibu: pengine baiti nne za kwanza ni nambari ya faili, nne zinazofuata ni ukubwa wake, na nne za mwisho ni tarehe iliyobadilishwa mara ya mwisho. Mpangilio wa namna hiyo ndio unaoitwa muundo wa data.

Mtu anayesoma fomu ya karatasi huongozwa na vichwa vilivyochapishwa: jina, umri, kijiji. Programu ya kompyuta haina vichwa hivyo. Mwandishi wa programu huandika maneno kama “ukubwa” na “tarehe”, lakini maandishi yake yanapogeuzwa kuwa lugha ya mashine, maneno hayo hutoweka na kubaki hesabu tu. Palipoandikwa “soma tarehe” hubaki agizo la kuruka baiti nane kutoka mwanzo na kusoma nne zinazofuata.

Mfano wa msafiri unaweza kutufaa hapa. Tuseme mgeni amepanda matatu Voi kuelekea Taveta, na mwenyeji wake amemwambia ashuke kituo cha tano. Hakuambiwa jina la kituo, wala hajui mahali hapo panafananaje. Anahesabu tu. Siku ambayo kituo kipya kitafunguliwa katikati ya njia, mgeni huyo atashuka mahali pasipo pake, tena bila wasiwasi wowote, kwa kuwa hesabu yake ni sahihi.

Hivyo ndivyo programu ya zamani inavyoathirika waundaji wa mfumo wanapochomeka nafasi mpya katikati ya muundo. Itasoma ukubwa wa faili ikidhani ni tarehe. Wakati mwingine itakwama papo hapo, na hiyo ni afadhali. La hatari ni pale inapoendelea na kazi ikiandika takwimu zisizo za kweli, na mwenye hesabu asijue mpaka mwisho wa mwaka.

FAILI ILIYOITWA ORODHA~1

Kisa kinachoeleza vyema kazi ya kulinda miundo ya zamani ni kile cha majina ya faili. Waliowahi kutumia kompyuta katika miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili watakumbuka majina yaliyokatwa kwa namna ya ajabu. Mwalimu alihifadhi faili kwa jina la “Orodha ya wanafunzi 2005.doc”, kisha akaikuta kwenye mashine nyingine ikiitwa ORODHA~1.DOC. Wengi walidhani kompyuta imeharibika. Ukweli ni kwamba mashine ilikuwa ikitunza ahadi ya zamani.

Mfumo wa MS-DOS, ulioanza kutumika mwaka 1981, uliweka habari za kila faili kwenye rekodi ya baiti 32. Kati ya hizo, 11 zilikuwa za jina: herufi nane za jina lenyewe na tatu za kuonyesha aina ya faili. Baiti moja ilikuwa ya alama, kama vile ya kuonyesha kwamba faili imefichwa. Saa na tarehe zilipewa baiti nne, mahali faili inapoanzia kwenye diski baiti mbili, na ukubwa baiti nne. Baiti 10 zilizosalia hazikupewa kazi yoyote. Ziliachwa wazi kwa matumizi ya baadaye.

Ilipofika mwaka 1995, kampuni ya Microsoft ilitaka Windows 95 ikubali majina marefu. Njia nyepesi ingekuwa kupanua rekodi ile kutoka baiti 32 hadi mia kadhaa. Lakini dunia ilikuwa imejaa diski zilizoandikwa kwa mpango wa zamani, pamoja na programu zilizokuwa zikihesabu baiti 32 kwa 32. Kupanua rekodi kungezifanya diski zote mpya zisisomeke na programu za zamani.

Wahandisi walipata ufumbuzi wa busara. Jina refu lilikatwa vipande vya herufi 13, na kila kipande kikawekwa katika rekodi yake ya ziada ya baiti 32, kabla ya rekodi halisi ya faili. Jina la mwalimu wetu lina herufi 28 pamoja na nafasi tupu, kwa hiyo lilihitaji rekodi tatu za ziada. Ili programu za zamani zisibabaike, rekodi hizo zilipewa kwa pamoja alama nne ambazo faili ya kawaida haiwezi kuwa nazo zote. Programu za zamani zilipokutana na rekodi yenye alama hizo kwa kawaida ziliiruka. Windows 95 yenyewe iliitambua na kuyaunganisha maneno. Kwa hiyo diski moja ilisomwa na vizazi viwili vya kompyuta: kimoja kiliona jina refu, kingine kikaona ORODHA~1.DOC.

Zile baiti 10 zilizoachwa wazi nazo zilifaa. Sehemu yake ilitumika kutunza saa na tarehe ya kuundwa kwa faili. Mwaka 1996, diski zilipokuwa kubwa kupita kiasi cha mpango wa awali, baiti mbili kati ya hizo zilitumika kupanua nambari ya mahali faili inapoanzia. Huo ndio mpango unaojulikana kama FAT32, ambao mpaka leo unatumika kwenye flashi nyingi.

Hata hivyo, kuna nafasi moja ambayo haikuwezekana kupanuliwa: ile ya ukubwa. Baiti nne haziwezi kuandika idadi inayozidi 4,294,967,295. Ndiyo maana anayejaribu kunakili video ndefu ya harusi kwenye flashi ya FAT32 hujibiwa kwamba faili ni kubwa mno, ingawa flashi yenyewe ina nafasi tele. Kizuizi hicho ni matokeo ya uamuzi wa zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Ili kukivuka, ilibidi kutengenezwe mpango mpya kabisa, exFAT, uliotolewa mwaka 2006. Mpango huo haukuwa na haja ya kufuata kipimo cha kale, lakini ulitozwa gharama ileile ya reli mpya: mashine za zamani ambazo hazikuongezewa programu ya kuuelewa hazikuweza kuusoma.

NJIA ZA KUONGEZA BILA KUBOMOA

Kutokana na uzoefu wa namna hiyo, waundaji wa mifumo wamejifunza njia kadhaa za kuongeza mambo mapya bila kuvunja ya zamani.

Ya kwanza ni kuongeza mwishoni tu. Nafasi za zamani hubaki zilipokuwa, kwa utaratibu uleule na upana uleule, na kipya huwekwa mkiani. Kwa msafiri wetu wa Taveta, ni kama kurefusha njia ya matatu baada ya kituo cha mwisho: kituo cha tano hubaki cha tano.

Lakini kuongeza mwishoni peke yake hakutoshi. Programu ya zamani hutenga kumbukumbu kulingana na urefu wa muundo iliyoufahamu. Mfumo mpya ukijaza muundo mrefu zaidi, zile baiti za ziada zitaangukia juu ya data nyingine ya programu na kuiharibu. Kwa hiyo ikazuka njia ya pili, ya kuandika urefu ndani ya muundo wenyewe.

Katika Windows, miundo mingi huanza na nafasi ambamo programu huandika ukubwa wa muundo inaoujua. Mfumo husoma idadi hiyo kwanza. Ukiona programu imeandika urefu wa zamani, hujaza nafasi za zamani tu na kuishia hapo. Muundo unaotumiwa kuuliza toleo la Windows ulipanuliwa kwa njia hiyo: nafasi mpya ziliongezwa mwishoni, na urefu ulioandikwa na programu ukawa ndio unaotofautisha muundo mfupi na mrefu.

Linux nayo imefuata mtindo wa aina hiyo katika baadhi ya huduma zake za karibuni, kama vile clone3 ya mwaka 2019 na openat2 ya mwaka 2020. Huko kanuni inafanya kazi kwa pande mbili. Programu ya zamani ikileta muundo mfupi, kiini cha mfumo huhesabu nafasi zinazokosekana kuwa sifuri. Programu mpya ikileta muundo mrefu kwa kiini cha zamani, kiini hutazama zile baiti kisichozielewa: zikiwa sifuri zote huendelea na kazi, na zikiwa na kitu hukataa ombi. Hakijifanyi kimeelewa kile ambacho hakijaelewa.

Njia ya tatu ni kufungua mlango mpya kando ya ule wa zamani. Zamani Linux ilimpa kila mtumiaji nambari ya biti 16, kwa hiyo nambari zilizowezekana zilikuwa 65,536 tu. Kwa taasisi kubwa idadi hiyo haikutosha. Toleo la 2.4, lililotoka Januari 2001, lilileta nambari za biti 32, lakini milango ya zamani haikufungwa. Programu mpya zilibisha hodi kwenye mlango mpya, za zamani zikaendelea kupita kwenye ule waliouzoea waandishi wake.

Utaratibu huo ulitumika pia kwa faili zenye ukubwa unaozidi gigabaiti mbili. Programu ya zamani ikiuliza ukubwa wa faili ambao hauwezi kuenea katika nafasi yake, haipewi idadi iliyokatwa. Hupewa jibu la kosa. Kwa karani anayetegemea takwimu, kukataliwa ni heri kuliko kudanganywa.

Ya nne ni kuficha muundo kabisa. Badala ya kuipa programu muundo wenyewe, mfumo huipa nambari tu, mfano wa kile kibao anachopewa mtu anapoacha mzigo wake mahali pa kutunzia mizigo. Mwenye kibao hajui mzigo umewekwa rafu gani, wala hahitaji kujua. Mwenye ghala anaweza kupanga upya rafu zake usiku kucha, na asubuhi kibao kikafanya kazi. Faili na madirisha ya programu hushughulikiwa zaidi kwa njia hiyo. Waundaji wengi hukubaliana kwamba hii ndiyo njia bora kwa kazi mpya, kwa maana kisichoonekana na wengine kinaweza kubadilishwa bila kuwaomba radhi.

SAA ITAKAYOGOTA MWAKA 2038

Mtihani mkubwa wa kanuni hizi uko mbele yetu. Mifumo iliyotokana na Unix, ikiwemo Linux, huhesabu wakati kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Kwa miaka mingi hesabu hiyo iliwekwa katika nafasi ya biti 32, ambayo ukomo wake ni 2,147,483,647. Idadi hiyo itafikiwa Jumanne, Januari 19, 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili, dakika 14 na sekunde 7 asubuhi.

Sekunde itakayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itarudi nyuma hadi Desemba 13, 1901. Huo ndio mwezi ambao reli kutoka Mombasa ilifika ukingo wa Ziwa Victoria.

Dawa yake yajulikana: kupanua nafasi ya wakati iwe biti 64, ambazo zinatosha kwa mabilioni ya miaka. Kompyuta nyingi za kisasa zimekwisha kufanya hivyo. Taabu iko kwenye mashine za biti 32, ambako wakati umo ndani ya miundo mingine mingi. Kuipanua nafasi hiyo husogeza kila kilichoifuata, na programu zote zilizokwisha kutengenezwa hujikuta zikishuka kituo kisicho chao.

Waundaji wa Linux walifuata njia ya mlango mpya. Mwaka 2019 kiini kiliongezewa huduma mpya za wakati kwa mashine za biti 32, na mnamo Machi 2020, kwa toleo la 5.6, kazi upande wa kiini ikawa imekamilika kwa kiasi kikubwa. Huduma za zamani ziliachwa mahali pake kwa ajili ya programu za zamani.

Lakini kiini ni hatua ya kwanza tu. Mradi wa Debian, unaotayarisha mojawapo ya mifumo ya Linux inayotumika sana, ulilazimika mwaka 2024 kutengeneza upya maelfu ya vifurushi vya programu ili vyote vihamie pamoja kwenye muundo mpya wa wakati. Matokeo yalionekana katika toleo la 13, lililotoka Agosti 2025.

Hata hivyo, Debian iliacha kwa makusudi aina moja ya mashine bila kuihamisha: zile za biti 32 za ukoo wa Intel, zinazojulikana kama i386. Sababu yake inafaa kutafakariwa. Watu waliobaki na mfumo huo wanauhitaji hasa kwa ajili ya kuendeshea programu za zamani ambazo haziwezi kutengenezwa upya. Kuubadilisha muundo kungeondoa faida yenyewe ya kuwa na mfumo huo. Kwa hiyo walichagua kuulinda utangamano, wakijua kwamba ukomo wa 2038 utabaki.

Wala isidhaniwe kwamba tatizo hili ni la siku za usoni pekee. Mkopo wa miaka 15 uliochukuliwa Februari 2023 unamalizika Februari 2038. Programu inayopanga tarehe za malipo kwa mpango wa zamani inaweza kukosea leo hii, huku saa ya ukutani ikienda vizuri.

GHARAMA YA KUTUNZA YA ZAMANI

Kutunza ya zamani nako kuna gharama. Mwandishi na mtaalamu wa programu Joel Spolsky ameeleza jinsi waundaji wa Windows 95 walivyogundua kwamba mchezo wa SimCity ulikuwa ukisoma kumbukumbu ambayo ulikwisha kuirudisha kwa mfumo. Kosa lilikuwa la mchezo, na katika mfumo wa awali halikuonekana. Badala ya kuuacha mchezo ukwame, waliifanya Windows iutambue na kuushughulikia kwa namna ya pekee. Walijua mnunuzi hatalaumu mchezo. Ataulaumu mfumo mpya alioutoa dukani jana.

Upande wa Linux, mwanzilishi wake, Linus Torvalds, amekuwa na msimamo mkali kwa miaka mingi kwamba badiliko la kiini linalovunja programu za watumiaji ni kosa la kiini, hata kama programu hizo ziliandikwa vibaya.

Lakini kila jambo la zamani linalotunzwa huongeza msimbo wa kukaguliwa, na palipo na msimbo mwingi pana mianya mingi ya kupenya wahalifu. Ndiyo maana baadhi ya milango hatimaye hufungwa. Matoleo ya Windows ya biti 64 hayaendeshi programu za biti 16, zile za enzi za Windows 3.1. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, haina toleo la biti 32 kwa kompyuta, kwa hiyo aliye na programu ya enzi hizo hana pa kuiweka. Nayo Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida Oktoba 14, 2025.

Mabadiliko hayo hayaumizi wote sawasawa. Benki kubwa ina wataalamu wa kuandika upya programu zake. Shule ya kijijini haina. Kompyuta nyingi za shule zetu zilifika zikiwa zimekwisha kutumika. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilijulikana kwa kugawa mashine za aina hiyo. Anayetumia mashine kuukuu na programu ambayo aliyeiandika hapatikani tena ndiye anayeitegemea zaidi ile ahadi ya kutobadilisha miundo, na ndiye asiye na sauti inapovunjwa.

SOMO LA NAMBARI ZA SIMU

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya wahandisi wa ng'ambo tu. Mwaka 2019, nambari za simu za mkononi zinazoanza na 07 zilipokuwa zikielekea kwisha, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilianza kutoa zinazoanza na 01. Urefu ulibaki tarakimu 10. Kwa kufanya hivyo, kila daftari, kila fomu na kila programu iliyotenga nafasi 10 iliendelea kufaa. Kama ingeongezwa tarakimu ya 11, nafasi hizo zote zingepaswa kupanuliwa.

Hata hivyo, baadhi ya programu zilizikataa nambari mpya. Waandishi wake walikuwa wameandika sharti kwamba nambari halali lazima ianze na 07. Sharti hilo halikuwa katika makubaliano yoyote ya kudumu. Lilikuwa mazoea yaliyogeuzwa kuwa sheria. Mwenye mpango aliutunza utangamano kwa upande wake, lakini wenye programu walikuwa wametegemea jambo ambalo hawakuahidiwa. Utangamano una pande mbili.

NINI KIFANYWE

Kwa mwalimu mkuu, mhasibu wa chama au msimamizi wa zahanati katika Bura, Mwatate au kwingineko, mambo machache yanaweza kuepusha hasara.

Mosi, usiziwekee kompyuta zote mfumo mpya siku moja. Anza na moja, endesha programu zako zote muhimu, chapisha ripoti na uilinganishe na ile ya zamani, tarakimu kwa tarakimu. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao.

Pili, hakikisha data zako zinaweza kutolewa nje ya programu katika faili ya maandishi ya kawaida, inayoweza kusomwa na programu nyingine yoyote. Programu inaweza kufa. Orodha ya wanachama na akiba zao haipaswi kufa nayo. Kabla ya kununua programu, taka sharti hilo liandikwe katika mkataba.

Tatu, kama programu ya zamani haina mbadala, ipo njia ya kuiendesha ndani ya kompyuta pepe, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani ndani ya mashine mpya. Mfumo wa zamani ulio ndani yake usiunganishwe na intaneti, kwa kuwa haupokei tena marekebisho ya usalama.

Nne, uliza kuhusu mwaka 2038. Jaribio rahisi ni kuingiza katika nakala ya majaribio tarehe ya malipo ya Februari 2038 na kutazama programu inavyoitikia. Jaribio hilo lisifanywe kamwe kwenye hesabu halisi.

Kwa vijana wetu wanaoandika programu, ushauri ni mfupi zaidi. Acha nafasi za akiba. Andika urefu au toleo mwanzoni mwa kila muundo utakaotumiwa na wengine. Usichomeke kitu katikati. Na usiwaonyeshe wengine undani ambao utataka kuubadilisha kesho.

Waliojenga reli ya Bura mwaka 1915 walikuwa na haraka ya vita, na pengine hawakuwaza zaidi ya mwaka mmoja mbele. Lakini waliheshimu kipimo walichokikuta, na tawi lao likaunganisha nchi mbili hata baada ya vita kwisha. Anayepanga baiti ndani ya kompyuta naye anaweka vyuma ambavyo mabehewa ya watu asiowajua yatapita juu yake. Hajawaahidi kwa maneno, lakini wamekwisha kuutegemea mpango wake, na ahadi ni deni.